Siku Moja na Dashibodi ya Tiger Moth

Saa moja kasorobo asubuhi nafungua karakana yangu hapa Bondeni, Nakuru, na kabla hata ya kuwasha jiko la chai napitisha kidole kwenye kingo za dashibodi iliyolala mezani. Kwa kawaida mimi hutengeneza vitanda na makabati. Kazi hii imeletwa na mzee mmoja wa Njoro anayefufua Tiger Moth, ndege ya mafunzo yenye mabawa ya ghorofa, ambayo iliruka mara ya kwanza Uingereza mwaka 1931. Dashibodi yenyewe ni plaiwudi yenye matundu ya duara, na haifiki upana wa dawati la shule.

Saa mbili anafika mwanagenzi wangu, naye namkumbusha asiguse sanduku la vipimo vilivyotolewa kwenye dashibodi na fundi wa ndege mwenye leseni. Nyuso za vipimo vingi vya zamani zilipakwa rangi ya radiamu, metali yenye mionzi hatari, ili zisomeke gizani. Mng'ao hufifia baada ya miaka michache, lakini radiamu huchukua miaka ipatayo 1,600 kupungua kwa nusu, kwa hiyo kioo kilichofungwa kibaki kimefungwa.

Kuanzia saa tatu hadi adhuhuri tunashughulikia tabaka za plaiwudi zilizoachana. Gundi nyingi za ndege za mbao za enzi hizo zilitokana na kasini, protini ya maziwa, ambayo unyevu huilainisha na kuvu huila. Ninaingiza gundi mpya kwa bomba la sindano, nafunika kwa nailoni isije ikashikana na ubao wa kubania, kisha nakaza jiriwa taratibu, kwa kuwa ukikaza kwa pupa gundi yote hutoka nje na kazi inakuwa bure.

Upande uliobaki tunaparuza vanishi kuukuu kwa bapa la chuma. Msasa wa mashine siutaki hapa. Niliwahi kuutoboa uso wa kabati la mteja kwa dakika moja tu, na nikalilipa. Chini ya vanishi unajitokeza mstari wa penseli wa fundi wa kwanza.

"Fundi, niufute?"

"Uache hapo hapo."

Saa nane, baada ya githeri, naziba tundu ambalo mtu fulani alilitoboa baadaye bila mpango. Kiraka nimekikata kwenye plaiwudi ya ndege aliyoiagiza mzee. Plaiwudi za Elburgon nazipenda, ila kwa makabati. Nakigeuza mara tatu hadi nyuzi zake zielekee sawa na za uso.

Saa tisa tunakagua skrubu kwa sumaku ya spika mbovu. Zote zilipaswa kuwa za shaba, kwa sababu dira hukaa karibu nazo, na chuma huipotosha, lakini mbili zinanasa. Nazitupa kwenye mkebe wa misumari.

Saa kumi na moja, mawingu yakiwa yametanda juu ya Menengai, tunanyunyizia sakafu maji kutuliza vumbi, halafu kwenye uso ulioparuzwa, mbali na jiriwa, napaka tabaka la kwanza la vanishi iliyozimuliwa kwa tapentaini ili ipenye. Mzee anapiga simu kuuliza kama inang'aa.

"Leo inanuka tu, mzee wangu. Kung'aa ni tabaka la nne."