Nimerudi, na ofisi yangu sasa ni stesheni ya zamani

Jamani nimerudi nyumbani baada ya miaka mingi huko nje, na kilichonigusa kuliko vyote ni kwamba stesheni niliyopandia treni siku naondoka sasa ndo ninapofanyia kazi. Treni zilishaacha kusimama hapa, jengo wakalikarabati, ukumbi wa kusubiria una meza na intaneti, chumba cha stesheni masta tunafanyia vikao, na lile dirisha la tiketi liko palepale, ndo mapokezi.

Humu ndani ni raha ila lazima ulizoee. Kuta nene, joto la mchana linachelewa kuingia, dari liko juu kabisa, hewa inazunguka vizuri, lakini mwangwi jamani, mtu akipiga simu kule mwisho unasikia neno kwa neno, mpaka tumetundika mapazia mazito na kupanga makabati katikati ndo kukapoa kidogo. Jengo refu na jembamba maana lilijengwa kufuata reli, kwa hiyo kumfuata mwenzako upande wa pili ni kutembea kweli. Platifomu imekuwa baraza letu, jioni wote tuko huko.

Bado godauni la mizigo halijaguswa na hapo ndo roho yangu ilipo. Wapo wanaotaka ligawanywe vyumba vidogo na dari lishushwe, mi nasema hapana, ule uwazi mkubwa usio na nguzo nyingi ndo mali yenyewe! Paris nilikuwa napita Station F, jengo la mizigo la reli lililojengwa miaka ya 1920, tangu 2017 limejaa kampuni changa na ukiingia bado unaliona lote, urefu wa mita kama 310. Halafu tusichelewe. Michigan Central, stesheni kubwa ya treni kule Detroit, Marekani, ilifungwa 1988, ikakaa tupu miaka 30, wezi wakang'oa shaba, maji yakajaa chini, Ford wakainunua 2018 na ikafunguliwa tena 2024, yani miaka sita ya kukarabati. La kwetu paa limeshaanza kuvuja upande mmoja, nimewaomba wenzangu tuanze na hilo kabla ya rangi wala fanicha.

Kama kuna mtu anafanya kazi kwenye jengo la namna hii, mwangwi mmeutulizaje bila kuziba dari? Niambieni tafadhali.