Hundi nimeichana

Leo nimekataa kuuza. Marehemu mume wangu aliniachia haki ya mafuta yaliyo chini ya ardhi kule Reeves County, Texas. Shamba lenyewe babu yake alishaliuza zamani, akabakiza cha chini. Kwetu Tanzania mafuta na gesi ni mali ya taifa, ndiyo maana nilichelewa kuelewa. Barua ya mnunuzi ilikuja na hundi ndani yake. Nyuma kwa maandishi madogo, nikisaini tu nimeshauza! Mwanasheria akanionyesha: mrabaha, yaani fungu letu la mafuta yanayotolewa, kwenye mkataba wetu na kampuni ya mafuta ni asilimia 25, na Railroad Commission, inayosimamia visima huko, imeshatoa vibali vipya vya kuchimba jirani. Ndugu zangu mliorithi Texas, geuzeni hundi msome. Mimi yangu nimeichana, huku nalia.