Usizime jiko mahamri yakiwa karaini

Ijumaa ile nilikuwa nakimbilia swala. Nikaingia kwenye seva, nikapiga docker kill, amri ya Docker (chombo kinachoendesha programu yetu) ya kuiua papo hapo, badala ya docker stop inayoipa nafasi ya kujifunga (tabia mbaya ya kutopenda kusubiri), nikawasha toleo jipya, nikatoka. Kutoka msikitini, simu ya dereva aliyekwama Changamwe: "Fundi, meseji ya kontena langu iko wapi?"

Haikuwa popote. Ilipotea na nyingine 37.

Programu yetu ya malori huwatumia madereva SMS kupitia ActiveMQ, broka anayeshika ujumbe kwenye foleni mpaka uchukuliwe, ila hatukumpangishia seva yake. Tulimlaza ndani ya programu yenyewe, mchakato mmoja wa Java. Raha yake, huna kitu cha pili cha kulinda. Balaa yake, programu ikifa naye kafa. Na mimi mwenyewe ndiye niliyezima uhifadhi wa diski enzi za majaribio, nikasahau. Kwenye JMS, kanuni za Java za kutumiana ujumbe, ujumbe huwa wa kudumu usipoambiwa vingine, kwa hiyo msimbo ulionekana salama kabisa, kumbe foleni nzima imo kwenye memori.

Kuwasha KahaDB, hifadhi ya diski ya ActiveMQ, ilikuwa kazi ya dakika mbili. Iliyonisumbua ni mpangilio wa kuzima. Mama anayetuuzia mahamri hapa Mwembe Tayari huacha kwanza kusukuma madonge, akaepua yaliyo kwenye mafuta, ndipo azime jiko. Sisi tulikuwa tunaanza na jiko. Sasa programu ikipata SIGTERM, ishara ya kuombwa izime, hufunga mlango wa maombi mapya, huwaacha wapokeaji (sehemu zinazochukua ujumbe na kutuma SMS) wamalize na kumthibitishia broka walichoshika, kisha huwasimamisha. Broka huzimwa mwisho kabisa. Kinachobaki kwenye foleni kinalala diski mpaka programu iamke.

Halafu kuna Docker. Ukiiambia stop, husubiri sekunde 10 tu kabla ya kuua kwa nguvu, na mtandao wa SMS ukizembea sekunde hizo hazitoshi hata kidogo. Nimeweka 60.

Wiki iliyofuata, dereva yuleyule: "Fundi, mbona sasa zinakuja mbilimbili?" Alikuwa na haki. Mpokeaji akikatika baada ya kutuma SMS lakini kabla ya kuthibitisha, broka humletea ujumbe uleule tena. Basi kila ujumbe nimeupa namba, na kabla ya kutuma tunaangalia kwenye hifadhidata kama namba hiyo imeshatoka. Hajapiga tena.