Masika yakiisha, usimwage maji ya bwawa

Mei ikielekea ukingoni na mvua zikianza kukatika, mabwawa mengi ya kuogelea ya nyumbani hapa Dar es Salaam, kuanzia Mbezi Beach na Mikocheni mpaka Kigamboni, huwa yamegeuka kijani. Ushauri unaotolewa haraka ni kufungulia maji yote, kusugua na kujaza upya. Naomba sana usifanye hivyo. Ardhi ya pwani ikishashiba mvua, maji yaliyo chini yake hupanda hadi karibu na uso na kulisukuma bwawa kwa chini. Kinacholikalisha mahali pake ni uzito wa maji yaliyomo ndani. Ukiyatoa, sakafu hupasuka, au bwawa zima hunyanyuka kama mtumbwi na kukata mabomba. Maji ya kijani husafishika kwa siku chache. Bwawa lililopasuka ni ujenzi upya.

Anza na hesabu, maana bila ujazo kila kipimo cha dawa ni kubahatisha. Zidisha urefu, upana na kina cha wastani. Bwawa la mita 8 kwa 4 lenye kina cha wastani cha mita 1.5 lina mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Kumbuka jambo moja linalorahisisha yote: gramu moja ya klorini halisi katika mita moja ya ujazo ni miligramu moja kwa lita. Nitatumia bwawa hili hili kwa mifano yote.

Toa kwanza kinachoonekana. Majani ya mwembe na mwarobaini yanayooza chini hula klorini kabla haijaugusa mwani, yaani viumbe vidogo vinavyoyafanya maji kuwa ya kijani, kwa hiyo wavu utangulie ndoo ya dawa. Safisha kikapu cha skima, yaani tundu la ukutani linalovuta uchafu wa juu ya maji, na kile cha pampu. Kisha piga brashi kuta zote, hasa nyuma ya ngazi, kwenye pembe na kwenye mistari kati ya vigae. Pitisha kidole hapo: ule utelezi ndio ngao ya mwani, na dawa haipenyi vizuri mpaka umeuvuruga.

Sasa pima pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, na usiiruke hatua hii hata kama una haraka. Mwani unapokua hula kaboni dioksidi iliyo majini na kupandisha pH. Kwenye pH 7.2, karibu theluthi mbili ya klorini iko katika hali yenye nguvu ya kuua. Kwenye pH 8 ni chini ya robo. Anayelalamika kwamba amemwaga ndoo nzima na maji bado ni kijani, mara nyingi kasoro yake iko hapa. Shusha hadi 7.2 kwa asidi ya haidrokloriki: kwa bwawa letu anza na nusu lita, zungusha maji kwa muda wa saa nne, pima tena. Asidi humiminwa kwenye maji. Kamwe usimimine maji kwenye asidi. Angalia na alkalini, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe. Mvua nyingi huizimua, nayo ikishuka chini ya miligramu 80 kwa lita, pH huyumba kila siku. Gramu 17 za sodiamu bikaboneti kwa kila mita ya ujazo huipandisha kwa 10, yaani takriban gramu 820 kwa mita 48.

Klorini ya kushtua maji, yaani dozi kubwa ya kuua mwani, iwekwe jua likishazama, kwa sababu jua kali huivunja haraka. Ukitumia kalisi haipokloraiti ya asilimia 65, kupata miligramu 10 kwa lita unahitaji gramu 740. Kama huoni ngazi ya pili kutoka juu, weka maradufu. Jaza ndoo maji kwanza, ndipo utie dawa kidogo kidogo, ukoroge, umimine ukizunguka bwawa huku pampu ikifanya kazi. Chombo kilichobeba vidonge vya trikloro, ambayo ni klorini ya aina nyingine, kisitiwe chembe za kalisi haipokloraiti hata kijiko kimoja: zikikutana zinaweza kuwaka au kulipuka. Na klorini isikae stoo moja na asidi.

Pampu ikeshe. Ya kilowati 0.75 itakula uniti 18 za LUKU kwa saa 24, lakini ukiizima usiku wa kwanza utarudia dawa yote. Katika siku hizi za kusafisha, filta ya mchanga hujaa upesi. Andika presha ya geji filta ikiwa safi. Ikipanda kwa baa 0.5, osha mchanga kinyumenyume, yaani maji yapite kwenye filta kwa kurudi nyuma na kutokea bomba la kutupa. Zima pampu kabla ya kugusa mkono wa valvu, kila mara. Ukiuzungusha pampu ikiwa inasukuma, gasketi yenye umbo la spoki za gurudumu la baiskeli hung'oka kwenye mfereji wake, na kuanzia hapo maji yatavujia kwenye bomba la kutupa bila wewe kujua. Unapoosha, tazama kioo kidogo kilicho pembeni mwa valvu: maji yatatoka kama chai ya maziwa, kisha yatang'aa baada ya dakika mbili au tatu. Suuza nusu dakika, urudishe kwenye kuchuja.

Ukiona mchanga umerudi bwawani, vidole vya plastiki vilivyo chini ndani ya filta vimevunjika. Ukiona mapovu kwenye matundu ya kurudisha maji, pampu inavuta hewa. Kagua raba ya kifuniko cha pampu na uipake grisi ya silikoni, maana grisi ya mafuta huivimbisha.

Kijani kikigeuka weupe kama maji ya mchele, mwani umekufa na kilichobaki ni vumbi lake. Hapa shabu ile ile inayotuliza maji ya kisima inasaidia. Gramu 30 kwa mita ya ujazo, iliyoyeyushwa. Zungusha maji kwa muda wa saa mbili, valvu ikiwa kwenye njia inayokwepa filta, zima, acha usiku kucha. Asubuhi utakuta zulia la kijivu sakafuni. Lifyonze taratibu na ulitupe nje moja kwa moja, lisipite kwenye mchanga. Ongeza maji kwanza, kwa sababu kina kitashuka.

Lakini kama maji yana rangi ya kijani au kahawia na bado unaona sakafu vizuri, huo si mwani. Ni chuma, mara nyingi kutoka kisimani, au shaba, na klorini zaidi itaikoleza rangi.

Watoto wasubiri hadi klorini ishuke kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, pH iwe kati ya 7.2 na 7.6, na kifuniko cha tundu la chini kionekane wazi kutoka ukingoni, kikiwa kimekaza skrubu zake zote.