Plagi namba nane za gari ya baba

Baba alipofariki 2013 alituachia Volkswagen yake, ile ya mgongo wa chura, ya mwaka 1972, injini 1600. Aliipenda gari ile jamani, mgeni akija nyumbani lazima ahadithiwe jinsi Tommy Fjastad alivyochukua Safari Rally mwaka 1962 na Volkswagen 1200, ndo chai iletwe. Sasa mwaka uliofuata dada yangu akawa anaolewa, akasema kabisa siku ya sendofu hapandi gari nyingine, anaingia ukumbini na gari ya baba. Nikamwambia sawa dada, niachie mimi.

Wiki moja kabla nikabadili oili, nikaosha kila kona, halafu nikaona niweke na plagi mpya, zile za kutoa cheche ndani ya injini, na waya zake mpya ili isije ikatuaibisha siku yenyewe. Baba miaka yote alikuwa anasema gari hii inakula plagi namba nane, na kweli zilizokuwemo ni Bosch W8AC. Nikazitoa nikaziweka kwenye kopo la Blue Band, waya za zamani nikazikunja kwenye gazeti, vyote nikavitia buti ya mbele, maana kutupa kitu alichokifunga baba kwa mkono wake nilikuwa siwezi.

Nikaenda Gerezani, kule Kariakoo kwenye maduka ya spea. Duka la kwanza hamna, la pili hamna, la tatu jamaa akasema za Bosch zimeisha ila namba nane za NGK ninazo, B8HS, tukailinganisha na ya zamani niliyokuwa nayo mfukoni, uzi ule ule, urefu ule ule, nikalipa. Waya nikachukua seti nyekundu, nene, zinang'aa, akaniambia hizi zinaingia gari yoyote, na kweli ziliingia.

Jumamosi yenyewe ikafika. Mliokuwepo Dar 2014 mnakumbuka Morogoro Road ilivyokuwa, ujenzi wa mwendokasi, vumbi, foleni haina mwisho. Tumetoka Mbezi saa tisa alasiri, gari inanguruma vizuri tu, dada kakaa mbele gauni limejaa mpaka kwenye gia, shangazi wawili nyuma. Kufika Kimara tukaanza ile ya hatua mbili simama, hatua mbili simama, mara nasikia mlio umebadilika, inamisi silinda moja, yaani haiwaki, baada ya muda mbili, nikikanyaga mafuta inatetemeka mwili mzima na harufu ya petroli inaingia ndani. Karibu na Ubungo ikazima. Shangazi wakaanza kuomba kwa sauti. Dada hakusema neno, kaniangalia tu, wanja umeshaanza kuteremka, na mimi pale nikamkumbuka baba mpaka kifua kikaniuma.

Kijana mmoja wa bodaboda akasema kuna mzee hapo jirani ni fundi wa Volkswagen tangu zamani, akaenda kumleta. Mzee kashuka na kamfuko ka kitambaa tu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Fungua nyuma, halafu uwashe."

Ikawaka kwa shida, inachechemea. Mzee akanishika mkono, akaupeleka pale waya wa plagi unapotoboa bati kuingia kwenye injini. Upepo ulikuwa unanipiga kiganjani kama nimeweka mkono mbele ya feni. Akaniuliza, huu upepo ulitakiwa uwe wapi? Gari hii haina rejeta wala maji, feni inasukuma upepo chini ya bati upite kwenye mapezi ya silinda, ndo kupoa kwake huko, na waya zake halisi zina mipira mipana ya kuziba yale matundu. Zangu nyekundu hazina. Nilikuwa nimeacha matundu manne wazi na wala sikujua.

Akazima, akatoa plagi. Nyeusi tii, masizi makavu kama tako la sufuria ya kuni. Akaifuta kwa dole gumba mpaka maandishi yakaonekana.

"Nani kakupa hii?"

"Namba nane mzee, ndo alizokuwa anatumia marehemu baba."

"Nane ya Mjerumani sio nane ya Mjapani, mwanangu."

Akanieleza palepale huku magari yanatupigia honi. Kwa Bosch namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi, yaani inakaa na joto lake, kwa NGK namba ikipanda ni ya baridi zaidi, yaani zinakwenda kinyume. Mwenzake W8AC kwa NGK ni B5HS. Ncha ya plagi inatakiwa ifike joto la nyuzi 450 hivi ndo iunguze masizi yake yenyewe, sasa hiyo B8HS inapoteza joto haraka, na kwenye foleni ile isingefika kamwe.

Nikamletea kopo la Blue Band. Akazisugua zile za baba kwa msasa laini, akapima nafasi ya kurukia cheche kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia, milimita 0.7, moja baada ya nyingine, hana haraka hata kidogo wakati mimi natamani nimsukume. Waya za zamani akazirudisha huku anahesabu kwa sauti ya chini zamu za silinda kuwaka, moja, nne, tatu, mbili, na kila mpira akaukandamiza kwa vidole viwili mpaka umekaa kwenye bati. Kuwasha, ikashika mara moja, ule mlio wa cherehani wa Volkswagen tuliokua nao. Dada akashika dashibodi kwa mikono yote miwili akasema "baba", basi.

Tuliingia ukumbini Sinza saa mbili kasoro usiku, watu wakasimama.

Jumatatu nilizunguka mpaka nikapata B5HS, na juu ya lile kopo nikaandika namba zote mbili kwa maka peni, ya Bosch na ya NGK. Zile B8HS nikazisafisha nikampa binamu yangu wa Kunduchi, mashine ya boti yake ya kuchanganya oili na petroli ndo inatumia hizohizo.