Kokoto za Iyunga

Fundi alipiga sululu mara tatu, akaiweka chini. "Bosi, hapa kuna barabara."

Ilikuwa Oktoba 2014, Iyunga, Mbeya, mvua zikinukia. Kiwanja nilikuwa nimekinunua mwezi uliotangulia. Mashahidi wanne wakasaini, soda zikanywewa. Nikachuchumaa kwenye mtaro wa msingi. Kina cha kiganja tu chini ya udongo kulikuwa na kokoto nzito, zenye kona kali, za saizi moja, zimeshindiliwa hasa. Udongo wetu wa Mbeya unachimbika kirahisi, na kokoto kama zile haziji zenyewe. Fundi hakujali zilikotoka. Alishaanza kuhesabu tripu ambazo hatutanunua.

Bibi jirani alikuwa akipepeta maharage, akituangalia.

"Mwanangu, si umenunua njia ya treni? Nilidhani unajua."

Akanieleza. Njia ndogo ilichepuka kutoka reli ya TAZARA, ikaishia ghalani. Mabehewa ya mbolea yalisukumwa kinyumenyume, na yeye akiwauzia makuli chai na ndizi za kuchoma. Baadaye malori yakachukua kazi, nyasi zikaota, vyuma vikaanza kuondoka kimoja kimoja, usiku.

Nikamwachia fundi sululu yake, nikaifuata njia hiyo. Treni haikati kona kama bajaji, kwa hiyo tuta lake hupinda polepole, na ukishajua hilo huwezi kulipoteza. Lilipita nyuma ya nyumba, likaingia migombani, likatokea kwenye uzio ambao mwenyewe aliujenga umepinda bila kujua kwa nini. Mataruma ya zege, yale yaliyolazwa chini ya vyuma vya reli, yalikuwa yamepata ajira mpya: moja daraja la mtaro, mawili benchi la kibanda cha chipsi, jingine kizingiti cha choo. Hili la chooni lilinichekesha peke yangu.

Penye kivuko cha barabara reli zote mbili zilikuwepo bado, zimezama kwenye zege, wezi walishindwa. Nikatoa futi ya fundi. Sentimita 106 na ushee. Hiyo ndiyo TAZARA, milimita 1067, upana wa reli za Zambia. Reli ya Kati ni mita moja kamili, ndiyo maana mabehewa ya huku hayaingii kule. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Wachina, Watanzania na Wazambia walizijenga kuanzia 1970 hadi 1975. Tulikariri shuleni. Vijia vya maghalani hakuna aliyetukaririsha.

Nikampigia aliyeniuzia.

"Reli? Reli ipi, kaka?" Halafu mtandao ukawa mbovu ghafla, upande wake tu.

Sikujenga. Nilipanda mahindi. Kufikia Februari yalikuwa yamenipita kichwa, isipokuwa ukanda mmoja uliodumaa, majani ya njano, ukikata kiwanja kutoka kona hadi kona kwa mpindo ule ule.