Wanahesabu midoli

Sijalala vizuri tangu Jumamosi na sababu yenyewe ukiisikia utacheka. Ni maneno machache tu ya kifungua mimba wangu, tuko kwenye treni tunarudi Bronx, hapa New York, kitinda mimba kanilalia mapajani kinywa wazi, yeye kainamia simu yake, akasema bila hata kuinua macho: "Mama, siku ile askari alikuwa anatufungulia mlango."

Nikamuuliza siku ipi, ingawa moyo ulishafanya paa.

"Ulisema wanahesabu midoli."

Basi, akarudi kwenye simu yake. Hakununa wala nini, na hilo ndo linaniuma, angenuna ningejua pa kuanzia.

Ilikuwa Desemba 2013, ana miaka mitano. Shule zilikuwa zimefungwa nikaenda naye kazini kwa yule bibi ninayemfanyia kazi, jioni tunashuka Fifth Avenue kutafuta treni tukafika mtaa wa 58, jengo la General Motors, pale lilipokuwa duka la midoli la FAO Schwarz. Mwanangu alikuwa analiita "Fao" tu kama jina la mjomba. Mlangoni anasimama askari wa midoli, yaani kijana wa watu mzima kavalishwa koti jekundu na kofia ndefu, na mwanangu kwa kuwa nimemfunza mkubwa haachwi bila salamu, akasimama mbele yake akasema shikamoo. Kijana hakuelewa kitu ila akampigia saluti, mkono wa pili akavuta mlango. Joto la ndani likatupiga usoni, nikaona dubu mkubwa kuliko mimi kakaa chini kama anasubiri chai. Pochini nina dola 11 na kadi ya treni. Namjua mwanangu, na mwenyewe najijua.

"Leo wamefunga, mwanangu. Wanahesabu midoli."

"Yote?"

"Yote."

"Tukawasaidie?"

"Wana watu wao, twende."

Na tukaenda, huku yule kijana bado kashika mlango. Sasa najiuliza nilikuwa na akili gani, unamwambia mtoto duka limefungwa na mlango uko wazi mbele ya pua yake! Lakini hakubisha, akanipa mkono tukaondoka, na mimi nikajipongeza kwamba nimepata dawa, nikaitumia tena mara tatu nne majira yale ya baridi. Wanahesabu. Bado wanahesabu.

Halafu likaja likafungwa kweli. Tarehe 15 Julai 2015, Jumatano, sababu waliyoitoa ni kodi ya pango kupanda. Nikamwambia kwa upole kabisa, maana mwenyewe iliniuma, mwanangu lile duka la Fao limefungwa. Akaniangalia, ana miaka saba, akasema, "Najua, ulishaniambia." Nilicheka wiki nzima, niliwasimulia hata kina dada kazini. Sasa hivi ndo nawaza, je, alikuwa ananisanifu? Mtoto wa miaka saba anaweza kukusanifu kwa uso mkavu vile? Huyu anaweza.

Yule bibi wangu wa kazini utotoni alikuwa anapelekwa na baba yake enzi duka liko namba 745 Fifth Avenue, ng'ambo tu ya barabara, kabla halijavuka kuingia jengo la General Motors 1986. Ana dubu wa Steiff, kampuni ya midoli ya Ujerumani, mpaka leo, kile kitufe cha sikioni kipo ila sikio lenyewe kalitafuna utotoni limebaki kama kipande cha andazi. Yeye ndo alinisimulia kwamba Schwarz mwenyewe alikuwa mhamiaji, Mjerumani, kaanza na kaduka Baltimore 1862 ndo akahamia New York 1870. Nikampenda mzee wa watu. Miaka zaidi ya mia duka lake linauza midoli, inakuja sinema ya Big 1988, Tom Hanks anaruka juu ya ile piano ya sakafuni, dunia nzima inataka kwenda kuikanyaga, ukadhani duka kama hilo halianguki. Wapi! Mwaka 2003 peke yake kampuni ilikwenda mahakamani kujitangaza imefilisika mara mbili, Januari na tena Desemba. Likafufuliwa mwaka uliofuata, 2009 likanunuliwa na kampuni nyingine ya midoli, Toys "R" Us, ambao nao walikuwa na madeni yao ya kutisha, 2017 wakafilisika na 2018 wakafunga maduka yao Marekani nzima. Yaani mgonjwa alibebwa na mgonjwa mwenzie. Mimi nilidhani maduka hufa kwa kukosa watu, kumbe pale watu walikuwa wanapigana vikumbo mpaka mwisho. Wote wanakuja kuangalia na kupiga picha, labda kina mimi tulikuwa wengi mno.

Anyway, wenyewe wapya wamelirudisha tangu Novemba 2018, pale kwenye majengo ya Rockefeller Center, na ndiko tulikokuwa Jumamosi kusherehekea baba watoto kupita intavyuu ya uraia. Kitinda mimba akapanga foleni, akavua viatu, akaikanyaga piano mpaka jasho, na juu yake akachaguliwa kigari. Dada yake kasimama pembeni kashika viatu na soksi za mdogo wake. Miaka 17, mrefu kunipita. Nilimuuliza, na wewe huchezi? Akasema hapana Mama, niko sawa. Nikaamini! Nilikuwa bize kurekodi video.

Nimepanga kumwomba radhi tangu Jumapili, kila nikifungua mdomo naishia kumuuliza kama amekula. Leo jioni naosha vyombo, kitinda mimba kamganda dada yake anataka wakanunue aiskrimu, analia, anavuta mkono, na huyu bila kuinua macho kwenye simu akamwambia, "Leo wamefunga. Wanahesabu."

"Zote?"

"Zote."

Nilicheka mpaka sahani ikaniponyoka. Yeye hakucheka, ila aligeuka akaniangalia kidogo, hivi, na mimi nikamwangalia, halafu akaenda kumtafutia mdogo wake biskuti.

Sasa ni saa saba usiku na kinachoniweka macho ni kingine kabisa. Dada yangu hajajibu meseji tangu Alhamisi, ile niliyomuuliza majibu ya kipimo cha Mama. Tiki mbili za buluu zipo, kasoma, na leo kaweka status ya maua.